Joto nalo lina njia yake: Tusiidharau miguu ya daiodi

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo dogo kwa umbo lakini kubwa kwa gharama. Nataka tuzungumze juu ya miguu. Si miguu ya binadamu wala ya meza, bali ile miguu miembamba ya waya inayotokeza kwenye vifaa vidogo vilivyomo ndani ya redio, televisheni, chaja za simu na taa zetu. Mafundi wenyewe huiita miguu, na jina hilo limekaa vizuri.

Tuchukue mfano wa mwananchi anayeishi Maili Moja, pale Kibaha. Sabufa yake imezima ghafla. Anaipeleka kwa fundi kibandani, fundi anafungua, anapima, anakuta daiodi moja imeungua. Anaitoa, anaweka nyingine, muziki unalia, mteja analipa na kwenda zake akiwa na furaha. Majuma mawili baadaye sabufa imezima tena. Fundi anafungua na kukuta daiodi ile ile, mahali pale pale, imeungua kwa mara ya pili.

Hapo ndipo lawama zinapoanza. Mteja anasema fundi huyu ni tapeli. Fundi anasema umeme wa siku hizi unapanda na kushuka mno. Jirani aliyekuja kusikiliza anasema vitu vya kutoka nje havina uimara. Na huko Kisarawe, kwenye vijiji vya upande wa Maneromango na Mzenga, mwenye taa yake ya sola iliyokufa kabla ya mwaka naye analalamika hivyo hivyo.

Yawezekana kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli. Umeme ukizidi kiwango huunguza vitu, na bidhaa hafifu zipo sokoni. Lakini yupo mshitakiwa mwingine ambaye mara nyingi hatajwi kabisa, naye ni joto lililokosa njia ya kutokea. Na njia kubwa ya joto kutoka katika kifaa kidogo ni ile miguu yake miwili.

Wengi tunadhani kwamba kazi ya mguu wa daiodi ni moja tu, yaani kupitisha umeme. Kumbe mguu ule unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unapitisha umeme, na papo hapo unapitisha joto. Fundi anayeijua kazi ya kwanza na kuisahau ya pili atatengeneza kitu kikalia leo, na kesho kikarudi mezani kwake.

Joto lenyewe linatoka wapi? Umeme ukipita katika kifaa chochote, sehemu yake hupotea kwa kugeuka joto. Katika pasi na jiko la umeme tunalitafuta joto hilo kwa makusudi, lakini katika redio hatulihitaji hata kidogo, na bado linakuja. Daiodi ya aina ya 1N4007, ambayo kila fundi anayo koponi, ikipitisha umeme wa ampea moja hupoteza karibu volti moja. Ampea moja mara volti moja ni wati moja. Kwa hiyo wati moja ya joto inazaliwa ndani ya kitu ambacho urefu wake ni kama milimeta 5 na unene wake haufiki milimeta 3. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi.

Mtu atasema, wati moja ni kitu gani, mbona balbu za zamani zilikuwa na wati 60? Ni kweli, lakini balbu ile ilikuwa na kioo kikubwa kama embe cha kutolea joto lake, na hata hivyo ukiishika ilikuunguza. Daiodi haina eneo hilo. Joto dogo likifungiwa katika chumba kidogo huwa joto kali.

Basi joto hilo litoke vipi? Gamba jeusi tunaloliona nje ya daiodi ni plastiki ngumu, na plastiki ni mvivu sana wa kupitisha joto. Akina mama wanalijua jambo hili kuliko wahandisi wengi. Ukiacha upawa wa chuma ndani ya sufuria ya uji unaochemka, baada ya muda mfupi huwezi kuushika. Lakini mwiko wa mti unaweza kushinda mle na mpini wake usikuunguze. Moto ni ule ule na uji ni ule ule, ila njia ya joto ni tofauti. Wanasayansi hupima uwezo huo wa kupitisha joto. Shaba ina kipimo cha karibu 390, chuma ni kati ya 50 na 80 kutegemea aina yake, na plastiki ya kawaida ni kama 0.2 tu. Yaani shaba inapitisha joto karibu mara 2,000 kuliko plastiki hiyo. Hewa iliyotulia ni mvivu zaidi hata kuliko plastiki.

Kwa hiyo joto lililozaliwa katikati ya daiodi likitazama huku na huku linakuta ukuta mzito wa plastiki pande zote, na milango miwili tu ya madini iliyo wazi. Sehemu kubwa yake hupita katika milango hiyo, yaani miguu. Kutoka mguuni linaingia kwenye risasi ya kulehemu, kutoka kwenye risasi linaingia kwenye utando wa shaba wa bodi, na kutoka hapo linasambaa hewani.

Watengenezaji wanalijua hili tangu zamani na wameliandika. Katika karatasi ya maelezo ya hiyo 1N4007 imeandikwa kwamba itabeba ampea moja hewa ikiwa na joto la nyuzi 75 za Sentigredi, na miguu yake ikiwa na urefu wa milimeta 9.5. Tujiulize, kwa nini mtengenezaji ahangaike kutaja urefu wa miguu? Kama mguu ungekuwa wa umeme tu, milimeta chache zisingekuwa na maana yoyote. Ameutaja kwa sababu ile ampea moja anayoiahidi inategemea joto kutoka kupitia hapo. Ukivunja sharti hilo, na ahadi nayo inavunjika.

Sasa tupige hesabu kidogo. Chukua mguu wa shaba wenye unene wa milimeta 0.8 na urefu wa sentimeta moja. Ikiwa wati ile moja itagawanyika sawasawa, nusu huku na nusu kule, kila mguu utahitaji tofauti ya nyuzi 25 hivi kati ya ncha yake ya ndani na ncha yake ya nje ili kupitisha sehemu yake. Hilo linavumilika. Lakini mguu huo ukiwa wa chuma kilichopakwa rangi ya bati juu, utahitaji tofauti ya nyuzi zaidi ya 100 kupitisha joto lile lile. Umbo ni moja na ukitazama kwa macho huoni tofauti, ila mmoja ni upawa na mwingine anaelekea kwenye mwiko.

Hapa fundi anaweza kujisaidia bila gharama. Achukue kipande cha sumaku kutoka kwenye spika mbovu na akisogeze karibu na mguu wa kifaa. Shaba haivutwi na sumaku, chuma huvutwa. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mguu wa chuma si ushahidi kwamba kifaa ni bandia, maana hata viwanda vyenye sifa nzuri huweka miguu ya chuma katika rezista ndogo na vitaa vidogo visivyo na joto kubwa. Sumaku inakuambia madini, haikuambii uaminifu wa muuzaji. Ila pale penye joto jingi, kama kwenye daiodi za kugeuza umeme wa sabufa, ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua shaba.

Tuje sasa kwenye bodi. Anayesafiri kutoka Kimara kwenda Kibaha anajua maana ya barabara kupanuliwa. Anajua pia kwamba barabara pana ikikutana na njia nyembamba huko mbele, magari yatajipanga tu. Joto nalo ni hivyo hivyo. Mguu unaweza kuwa wa shaba safi, lakini ukilehemiwa kwenye kijistari chembamba cha utando wa bodi, joto linafika pale na kukwama, kisha linarudi nyuma kumwunguza aliyelileta. Utando wa shaba wa bodi za kawaida una unene wa milimeta 0.035 tu, kwa hiyo nguvu yake haiko katika unene bali katika upana. Ndiyo maana bodi iliyosanifiwa vizuri ina maeneo mapana ya shaba kuzunguka daiodi na transista zinazochemka.

Nadhani sasa mnaanza kuona kosa la ile sabufa ya Maili Moja. Fundi mwenye haraka hukata daiodi iliyoungua na kuacha vijiti vya miguu ya zamani vimesimama kwenye bodi, halafu hulehemu miguu ya daiodi mpya juu ya vijiti hivyo. Kwa upande wa umeme, kazi imekwisha. Kwa upande wa joto, ameongeza urefu wa njia na ameweka kiungo kingine katikati, na pengine risasi yenyewe haikushika vizuri. Daiodi inaning'inia hewani, mbali na shaba pana ya bodi iliyokusudiwa kuipoza. Ni kweli kwamba mguu mrefu nao hutoa joto kidogo hewani, lakini ndani ya kisanduku kilichofungwa hewa yenyewe tayari ni ya moto. Njia iliyo sahihi ni kutoa miguu ya zamani yote, kusafisha tundu, na kuingiza miguu mipya mpaka kwenye shaba.

Lakini msije mkatoka hapa mkisema mguu mfupi ndio mzuri daima. Mkifungua televisheni ya zamani mtaona rezista kubwa nyeupe zimeinuliwa juu ya bodi kama nyumba iliyojengwa juu ya nguzo. Hazikuwekwa vile kwa uzembe. Rezista ya namna hiyo huweza kuvumilia joto linaloweza kuunguza bodi, kwa hiyo mtengenezaji ameipa miguu mirefu makusudi ili hewa ipite chini yake na joto lake lisifike lote kwenye bodi. Daiodi inaomba msaada wa bodi, bali rezista ya moto inatakiwa isiitese bodi. Kanuni iliyo salama kwa fundi ni hii: kabla ya kung'oa, tazama mwenzako wa kiwandani alikiweka vipi kifaa hicho, nawe ukiweke vivyo hivyo.

Tena kuna suala la ujirani. Joto likishaingia kwenye shaba ya bodi halichagui pa kwenda. Likikuta miguu ya kapasita iliyo karibu, linapanda humo. Kapasita zile za mikebe midogo zina majimaji ndani, na mafundi wa vitu hivi wana kanuni kwamba kila joto linapoongezeka nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Ndiyo sababu mnaona kapasita iliyovimba kichwa imekaa pembeni mwa kifaa chenye joto. Kubadilisha kapasita hiyo na kumwacha jirani yake aendelee kuchemka ni kutwanga maji kinuni.

Na risasi yenyewe huchoka. Kila ukiwasha, mguu unapata joto na kutanuka, na kila ukizima, unapoa na kunywea. Baada ya miezi na miaka, risasi inapasuka duara kuuzunguka mguu, ufa mwembamba kama unywele. Hapo ndipo mtu anaipiga redio kofi ikalia, akaipiga tena ikanyamaza. Kofi limegusanisha tu mguu na risasi kwa muda. Dawa yake ni kulehemu upya, na kuuliza kwa nini mahali hapo panapata joto kupita kiasi.

Njia ya joto pia ni ya kwenda na kurudi. Lile joto linalotoka kwa kupitia miguu, huingia pia kwa kupitia miguu, hasa wakati wa kulehemu. Risasi ya kawaida ya bati na risasi nyeusi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, na ncha ya pasi ya kulehemu huwa na nyuzi 300 na zaidi. Transista za mwanzo, za miaka ya 1950 na 1960, zilitengenezwa kwa jemaniamu, madini ambayo kikomo chake hakifiki hata nyuzi 100. Mafundi wa enzi hizo walikuwa wakiubana mguu kwa koleo, kati ya pasi na kifaa, ili koleo linywe joto kabla halijafika ndani. Silikoni ya leo ina uvumilivu zaidi, kiasi cha nyuzi 150, lakini mbinu ile ya koleo bado ina faida, hasa kwa vitaa vidogo vya LED ambavyo plastiki yake hulainika upesi.

Na kwa kuwa tumevitaja vitaa hivyo, hebu kishike kimoja cha tochi ukitazame kwenye mwanga. Utaona ndani mguu mmoja umeishia na kikombe kidogo cha madini. Chembe inayotoa mwanga imekaa ndani ya kikombe hicho, kwa hiyo joto lake karibu lote linashuka kwa mguu huo mmoja. Kwa kawaida ni mguu wa hasi, ule mfupi. Kitaa cha namna hii kimekusudiwa kupata umeme mdogo sana, kama miliampea 20. Tochi ya bei ya chini isiyo na rezista ya kuzuia ikikisukumia mara mbili au tatu ya hapo, mguu unazidiwa, na mwanga unafifia mwezi hata mwezi mpaka unakwisha.

Balbu za LED za nyumbani zimeacha miguu ya waya. Vitaa vyake vimelala moja kwa moja juu ya sahani ya aluminiamu, ili joto lipate njia fupi na pana. Lakini kanuni haijabadilika. Sahani hiyo nayo inahitaji hewa. Ukiifunga balbu ndani ya kibakuli kisichopitisha hewa, chini ya bati lililopigwa na jua la Januari, usiilaumu ikifa mapema. Na kitaa kimoja kikiungua, fundi akakiruka kwa kuunganisha waya juu yake, taa itawaka, lakini mara nyingi mzigo wa joto unahamia kwa vifaa vilivyobaki. Pamoja na hayo, bodi ya balbu hiyo ina volti 230 za TANESCO moja kwa moja. Asiye fundi asiiguse.

Je, sisi wenye vyombo tufanye nini? Mengi, na hayahitaji elimu kubwa. Vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyofunikia televisheni na redio, tuviondoe wakati chombo kinapowaka, maana vinaziba matundu ya kutolea hewa. King'amuzi kisikae juu ya sabufa, wala king'amuzi juu ya king'amuzi. Chaja isiwekwe chini ya mto wala godoro, kwani hapo si chombo tu kinachoweza kuungua, bali hata nyumba. Kisanduku cha kuongozea umeme wa sola kisigongomelewe karibu na bati, bali kishuke ukutani penye kivuli na hewa. Vumbi la ndani ya chombo litolewe, maana vumbi ni blanketi, na hakuna anayemfunika blanketi mtu mwenye homa.

Haya si mambo ya anasa. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi kufuatia sheria ya mwaka 2005, umeme umefika mahali pengi ambapo zamani palikuwa na koroboi. Familia iliyonunua balbu kwa fedha ya mihogo au korosho haikupanga kuinunua tena kila baada ya miezi mitatu. Na kijana aliyefungua kibanda cha ufundi mtaji wake mkubwa ni jina. Kazi ikirudi mara mbili, jina linaondoka, na likishaondoka halirudi kwa kulehemiwa.

Kibaha ni mji uliojengeka na sifa ya elimu, tangu mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na baadaye kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Maoni yangu ni kwamba kijana anayefundishwa ufundi wa elektroniki, awe chuoni au kibandani kwa mzee wake wa kazi, afundishwe kulifuata joto kama anavyofundishwa kuufuata umeme. Akipima volti, apime na joto. Akiuliza umeme unapita wapi, aulize pia joto linatokea wapi. Na sisi wateja, tunapompelekea chombo kilichokufa mara mbili kwa ugonjwa ule ule, tusimkimbilie kwa lawama, ila tumwulize kwa heshima, "Fundi, hii daiodi, joto lake linatokea wapi?" Fundi mzuri atalifurahia swali hilo.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.